Dakika Tatu za Cherehani

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari hili nilipewa na mshauri wa walimu, dada mmoja mwembamba aliyetuendeshea semina ya siku mbili wakati wa likizo. Kurasa za mbele ni za kuhesabu. Kurasa za nyuma hakusema ni za nini, basi nimezichukua mimi.

Shule imefunguliwa leo. Darasa la tatu, watoto hamsini na wawili, madawati kumi na saba, yaani watatu watatu na mmoja wa kubanwabanwa. Cherehani yupo. Likizo nzima nilijidanganya kwamba baba yake atampeleka kwingine, na asubuhi nikamwona mlangoni. Ana miaka tisa na hii ni shule yake ya tatu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mguu. Akikaa, mguu wa kulia unakanyaga chini bila kukoma, dawati zima linatikisika, na wawili waliokaa naye wanaandika herufi zenye mawimbi.

Mguu ningeuvumilia. Kinachonishinda ni mengine yote: kuinuka, kuita, kuangusha rula, kuimba, kumvuta sweta aliye mbele, kuuliza kama kengele imelia. Nimerudi nyumbani koo limekauka kwa kutaja jina la mtu mmoja.

Jumanne, 3 Septemba

Vilevile.

Alhamisi, 5 Septemba

Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Ni mtu mpole, huongea huku akipanga kalamu zake kwa urefu. Amesema wazazi watatu wamelalamika. Kamati ya shule itakaa wiki ya mwisho ya muhula, na mtoto asipobadilika baba yake ataambiwa amtafutie shule nyingine.

"Itakuwa ya nne," nikasema.

"Najua kuhesabu, mwalimu," akanijibu bila ukali.

Nilipotoka nilijisikia nafuu. Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia: nilijisikia nafuu.

Jumatatu, 9 Septemba

Mshauri amekuja. Alikaa nyuma ya darasa somo zima la hesabu, dakika arobaini, akichora vijistari kwenye karatasi. Wakati wa mapumziko tukakaa kwenye ukumbi wa ofisi.

"Amechepuka kwenye kazi mara kumi na mbili," akasema. "Na wewe umemwita jina mara kumi na moja."

"Ya kumi na mbili ilinipita."

"Alipokuwa anaandika ulimtazama mara ngapi?"

Nikamwambia sijui.

"Hata mara moja. Sikulaumu, dada. Akiandika ndiyo nafasi yako ya kupumua. Lakini mtoto huyu hashindani na somo. Anakutaka wewe, na ameshagundua njia ya mkato ya kukupata."

"Nina wengine hamsini na mmoja."

"Ndiyo maana tunaweka ratiba, tusiende kwa hisia. Dakika arobaini ukigawa kwa kumi na mbili unapata tatu na kitu. Basi wewe nenda kila dakika tatu. Mtangulie. Gusa daftari, sema neno moja, ondoka. Akichepuka usimwite, usimkodolee macho. Ukikuta yuko katikati ya vurugu, ngoja sekunde kumi atulie, halafu nenda. Ikikaa sawa tutaanza kuvuta: tano, nane, kumi."

Simu nimeitega itetemeke mfukoni kila dakika tatu. Mwalimu wa chumba cha pili alikuwa anakunywa chai karibu yetu. Tunamwita Mwalimu Kimya, kwa sababu ndilo neno analolisema kuliko mengine yote kwa siku. Akauliza kama michepuko ya watu wazima nayo inahesabiwa kwenye karatasi hiyo. Chai ikamtoka mtu puani.

Jumanne, 10 Septemba

Mara ya kwanza simu ilipotetemeka niliruka, chaki ikakatika. Nikaenda.

"Nimefanya nini?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

"Hujafanya kitu. Naona tarehe umeiandika vizuri."

"Sasa mbona umekuja?"

Nikarudi ubaoni huku yeye akinisindikiza kwa macho kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Somo moja, safari kumi na tatu. Kuchepuka: kumi na mbili. Hakuna kilichobadilika isipokuwa miguu yangu.

Jumatano, 11 Septemba

Kumi na saba. Amepanda juu ya dawati. Mshauri alionya kwamba nikiacha kumwita atabisha hodi kwa nguvu zaidi kabla hajaacha kubisha. Kuonywa si kuzoea. Niliuma ulimi nikageukia ubao, na nyuma yangu darasa zima likawa linanisubiri nifanye kile ninachofanya siku zote.

Ijumaa, 13 Septemba

Kumi na tano. Nyumbani nako hakukaliki. Mama mkwe wangu alivunjika mguu mwezi uliopita kwa kuteleza bafuni, na tangu hapo makao yake ni kochi la sebuleni. Mume wangu yuko kazini mbali, anapiga simu Jumapili. Kwa hiyo ni mimi.

"Mkwe wangu, lile dirisha."

Nafunga dirisha.

"Mkwe wangu, hii redio inakwaruza."

Naenda kwenye redio.

"Mkwe wangu, ulishafunga dirisha?"

Jumatatu, 16 Septemba

Tisa. Nimehesabu mara mbili kwenye karatasi.

Ijumaa, 20 Septemba

Tano.

Ukimwendea mtu kila dakika tatu utamjua hata kama hukupanga kumjua. Ananuka gundi ya mpira na grisi, maana baba yake ni fundi baiskeli na jioni yeye ndiye anayemshikia taa. Penseli anaishika kama bisibisi. Jibu la sita mara sita alilipata kabla ya darasa zima. Nilipomuuliza alijuaje akasema gurudumu lina spoku thelathini na sita, yeye huzipanga sita sita asije akaruka hata moja. Muhula mzima uliopita nilikuwa naandika kwenye ripoti yake kwamba hesabu hajui. Nilikuwa sijawahi kusoma daftari lake mpaka mwisho wa ukurasa.

Bado nakwenda kwa sababu ya simu. Sijisingizii upendo. Lakini leo ilipotetemeka nilikuta tayari nimeshapiga hatua moja.

Jumanne, 24 Septemba

Nimejaribu nyumbani. Robo saa kwa robo saa, kabla mama mkwe hajaniita, nachungulia sebuleni: "Mama, uko salama? Mto umekaa sawa?" Jana jioni aliniita mara kumi na tisa. Leo saba. Mara ya tano nilipochungulia alinitazama kwa muda.

"Mkwe wangu, daktari alikwambia nini ambacho mimi hakuniambia?"

Ikabidi nikae chini nimweleze habari za ratiba. Alicheka mpaka akashika mguu. Halafu akasema, akiwa hacheki tena, kwamba mimi ni mtu wa kupita pita, na kwamba tangu alipokuja kukaa kwangu hajaniona nimekalia kiti kimoja mpaka kikapata joto.

Nilikuwa nimeshasimama.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumevuta, sasa ni dakika tano. Nne.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilimwita baba yake. Mshauri hakuniagiza, niliona tu inafaa. Alikuja saa saba na nusu, amenawa mikono lakini kucha bado nyeusi, akasimama mlangoni pa darasa kama mtu aliyefika mahakamani bila wakili.

"Shikamoo mwalimu," akasema, ingawa tunalingana umri.

"Karibu, baba. Kaa."

Hakukaa. "Amefanya nini tena?"

"Amefanya hesabu kumi na nne. Zote sahihi."

Akatikisa kichwa polepole, akingoja sehemu ya pili. Nikamfungulia daftari. Akalitazama, akanitazama, bado anangoja.

"Ni hayo tu, baba. Nilitaka uone."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Ndipo akakaa, kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. Akasema shule ya kwanza walimwita mara nane, ya pili mara kumi na moja, na kila barua ikifika dukani huanza kwa kufunga duka maana anajua hatarudi mapema. Akasema mama wa mtoto aliondoka mtoto akiwa na miaka mitano, na tangu hapo mtoto hawezi kukaa chumba ambacho hamwoni mtu. Hata akioga baba lazima awe anapiga mluzi nje.

Hayo hayamo kwenye fomu yoyote ya shule.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua zimeanza. Bati linapiga kelele kiasi kwamba nafundisha kwa kuandika tu. Dakika nane sasa. Kuchepuka tatu, na moja ilikuwa kuuliza kama paa litabomoka, jambo ambalo hata mimi nilikuwa najiuliza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mifupa inauma.

Jumanne, 15 Oktoba

Malaria. Zahanati wamenipa dawa na siku tatu za kulala. Mwalimu Kimya atashika darasa langu pamoja na lake, mlango wa katikati wazi. Nilimpigia simu nikamweleza: kila dakika nane, neno moja, ondoka.

"Sawa mama, pumzika," akasema. Kwa sauti ile ya mtu anayemkubalia mgonjwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mkono hauna nguvu lakini haya lazima niyaandike leo leo.

Saa nne na nusu hivi asubuhi nilikuwa kitandani, mvua inamwagika. Mama mkwe akaita: "Mkwe wangu, kuna mtoto hapa." Nikajua ni yale yale. Akaita tena. Nikajisemea, dakika yako bado, mama, na nikavuta shuka. Mara ya tatu hakuniita mkwe. Aliniita kwa jina langu, na hilo hajawahi.

Cherehani alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika mpaka kwenye zulia, viatu mkononi. Sweta ameivimbisha tumboni. Akaingiza mkono akatoa daftari lake la hesabu. Lilikuwa kavu.

"Nimekuletea uone," akasema.

Nilimuuliza nani amemruhusu kutoka. Akasema hajaomba. Nilimuuliza alipajuaje kwangu. Akasema nilimbebesha madaftari siku moja mwezi wa sita. Mimi sikumbuki. Ndipo picha ikanijia: kutoka shuleni mpaka kwangu kuna barabara kuu ya malori, na kuna mtaro mkubwa ambao mvua ikiwa ya namna hii unajaa mpaka kingo hazionekani. Ubao wa kuvukia ni mmoja, upana wake kama madaftari mawili.

"Umepita kwenye ubao?"

"Ubao ulikuwa ndani ya maji. Nilijua uko wapi."

Mama mkwe akasema, "Mkwe wangu, maswali baadaye. Mlete hapa." Akamvua sweta, akamfunika shuka lake mwenyewe, akaanza kumkausha nywele huku mguu wa plasta umenyooka mbele yake. Nilipiga simu shuleni. Mwalimu mkuu alipokea kabla haijaita mara ya pili. Walikuwa wanamtafuta kwa saa nzima. Baba yake alishaambiwa, na hana simu ya kumfikia, yuko na baiskeli ukingoni mwa mtaro.

Tukasubiri. Mtoto akatueleza kwa utaratibu, kama anasoma insha. Jana Mwalimu Kimya alimkalisha pembeni atazame ukuta. Leo pia. Hata hivyo mtoto akafanya kazi yake.

"Nikahesabu mpaka mia nne themanini. Ndiyo dakika nane. Sikuona mtu. Nikahesabu tena. Nimehesabu mara nne, mwalimu. Mara ya tano nikasimama nikamwita, akanitoa nje barazani. Mvua ikaja mpaka barazani. Nikasema ngoja nije mwenyewe."

Alisema hivyo bila kulalamika. Dakika zilikuwa zake, alikuja kuzidai.

Baba yake alifika na mwalimu mkuu nyuma yake. Suruali ilikuwa na matope mpaka kiunoni. Alikuwa ameshuka mtaroni kutazama chini ya kalavati la barabara. Sijui alikuwa anatafuta nini kule chini, na yeye hakukitaja. Hakumgombeza mtoto. Alichuchumaa mbele yake, akamshika miguu yote miwili kwa mikono yake kama anapima kitu, akakaa hivyo. Mtoto akamwambia, "Baba, unalowesha zulia la watu."

Mwalimu mkuu alinivuta kando, jikoni. Hapakuwa na kalamu za kupanga, akawa anapanga vijiko.

"Mwalimu, najua unaumwa. Lakini nijibu. Ulikuwa unamfundisha kutulia, au ulikuwa unamfundisha kukufuata wewe?"

Nikashika ukingo wa meza.

"Angekufa leo," akasema. "Na sisi tungeandika nini?"

Wameondoka. Zulia bado limelowa. Mama mkwe hajaniita tangu hapo, na kila dakika chache najikuta nimekwenda sebuleni kuona kwa nini haiti.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nilimpigia mshauri. Nikamsimulia yote.

"Kosa ni letu wawili, na kubwa ni langu," akasema. "Ratiba niliifunga kwako peke yako. Nilitakiwa nikwambie tangu mwanzo uigawe na wengine: mwalimu mwingine, mtoto mwenzake. Tumemjengea mlango mmoja, halafu mlango ukaugua."

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimerudi kazini. Mwalimu Kimya alinisubiri kwenye korido. Ni mtu mzima, miaka ishirini na sita ya chaki, na alikuwa anashika shika kola yake.

"Nilisahau ile ratiba yako," akasema. Kisha, "Hapana. Sikusahau. Niliona ni upuuzi wa semina. Mtoto wa watu nikamweka mvuani kwa ubishi wangu."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya siku nne. Nikamwambia watoto wanatungoja.

Kuchepuka: kumi na nne. Mwezi mzima na zaidi wa safari, na tumerudi tulikoanzia, tena tukiwa na kamati mbele yetu wiki nne tu. Mguu wake unagonga kuliko mvua.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumerudi dakika tatu. Kumi na moja.

Lakini si hilo ninalotaka kuandika. Yuko msichana anayekaa dawati la nne karibu na dirisha. Humu daftarini nitamwita Kivuli, kwa kuwa nimejaribu kukumbuka siku niliyotamka jina lake nje ya kuita mahudhurio na sikuipata. Hajawahi kunisumbua. Leo katikati ya somo alichukua kitabu chake, akakiinua, akakiachia kikaanguka. Kishindo. Akanitazama. Nilidhani kimemponyoka. Akakiokota, akakiangusha tena.

Kengele ilipolia nilimbakiza. Nikamuuliza kuna nini.

Akazungusha kifungo cha shati mpaka nikaogopa kitakatika. "Mwalimu, mtu akitaka umpitie, anaanza kwa kufanya nini?"

Nilimuuliza ana maana gani, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Cherehani unampitia. Mimi nakaa vizuri, hunipitii. Nikafikiri labda nianze."

Nimefundisha miaka kumi na moja. Nimeulizwa na wakaguzi, na wazazi wenye hasira, na mwalimu mkuu jikoni kwangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali likanikalisha chini. Nilikaa kwenye dawati, nikamwambia alete daftari lake. Tukalisoma lote, kuanzia Januari. Lina alama za vema na za kosa za kalamu yangu nyekundu kila ukurasa. Sikumbuki hata moja.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mpango mpya, wa kwangu na mshauri, umepita kwa mwalimu mkuu baada ya kalamu kupangwa mara tatu. Simu ikitetemeka nakwenda kwa Cherehani, na njiani nasimama dawati moja jingine kwa zamu, kwa mpangilio, asirukwe mtu. Madawati kumi na saba. Kila dawati linajua zamu yake itafika, limejionea kwenye karatasi niliyobandika ukutani. Kivuli amehamia dawati la Cherehani. Kazi yake ni kumsomea Cherehani majibu yake kwa sauti ndogo, na Cherehani kumsomea ya kwake. Na Jumatano hesabu atafundisha Mwalimu Kimya humu ndani, simu mfukoni, mimi niwe darasani kwake.

"Nitaonekana kichaa," akasema Mwalimu Kimya.

"Utazoea."

Jumatano, 30 Oktoba

Nilikuwa nafundisha darasa la pili huku sikio langu liko upande wa pili wa mlango. Simu yake ilipotetemeka mara ya kwanza nilisikia kiti kikianguka. Baadaye watoto wakanisimulia kwamba mwalimu aliruka kama ameumwa na nyuki. Kisha nikamsikia, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Hii saba umeiandika vizuri." Halafu, "Na wewe. Na wewe pia."

Nane kwa Cherehani.

Jumatatu, 4 Novemba

Dakika tano. Nne. Makelele ya darasa zima yamepungua hata mvua inasikika. Sikutarajia, na sijui ni lini hasa ilitokea.

Kivuli amegombana na Cherehani kuhusu nani alivunja kifutio. Ni mara ya kwanza kumsikia Kivuli akipaza sauti. Nimewaacha kidogo wamalize.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama mkwe amefunguliwa plasta. Jioni alitembea mwenyewe mpaka jikoni akasimama mlangoni.

"Nimekuja kukuangalia," akasema. "Uko salama?"

Jumatano, 13 Novemba

Dakika kumi. Mbili. Kwa Mwalimu Kimya: mbili. Leo sikwenda kushika darasa lake, mwalimu mkuu alilishika, akaniamuru nikae ofisini nisahihishe. Nilisahihisha madaftari sita ndani ya saa nzima. Mara nne nilikwenda dirishani. Kutoka pale huwezi kuona darasa la tatu, unaona tangi la maji tu, na mimi nikawa natazama tangi.

Jumatatu, 18 Novemba

Kamati ni keshokutwa. Siwezi kula.

Jumatano, 20 Novemba

Walikaa saba kwenye meza ndefu. Baba wa Cherehani alikaa mwisho, shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mwalimu mkuu akaniomba kurasa za mbele za daftari hili. Ilibidi nizifunge hizi za nyuma kwa mpira.

Alisoma namba tu, kwa sauti, moja baada ya nyingine: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na saba, kumi na tano, tisa. Alipofika Oktoba hakuruka. Akasoma kumi na nne, akaeleza kwa nini, akasema kosa la siku ile ni la shule na si la mtoto. Sikuwa nimemwomba aseme hivyo. Kisha kumi na moja, nane, nne, mbili.

Mama mmoja wa kamati, ambaye mwanawe alivutwa sweta muhula uliopita, akasema haya ni mazuri lakini namba hazimrudishii mwanawe miezi aliyopoteza. Nilikubaliana naye na nikasema hivyo. Akauliza kama huyo mtoto sasa ameacha kabisa. Nikamwambia hapana, mguu bado unatikisa dawati, na wiki ijayo anaweza kuamka vibaya kama mtu yeyote.

"Sasa tunakubali nini?"

Mwalimu Kimya hakuwa mjumbe, alikuwa ameletwa kutoa maelezo. Akajibu yeye. "Mnakubali kwamba tumejifunza kumwendea kabla hajatuita. Ni kazi yetu hiyo, mama, si yake. Mimi nilikataa kuifanya siku mbili tu, mkajua matokeo."

Wakapiga kura, watano kwa wawili. Anabaki. Mwakani anapanda darasa la nne, kwa mwalimu mwingine, na nimetakiwa nimwandikie mwalimu huyo ratiba yote.

Baba alinishika mkono nje. Akaniuliza kama nina baiskeli. Nikasema sina. Akasikitika kweli kweli.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku ya mwisho. Mvua imekatika. Somo la mwisho niliwapa hesabu ishirini za marudio, wafanye kwa ukimya, anayemaliza anapumzika. Dakika kumi. Simu ikatetemeka, nikapita dawati la kumi na moja kwa kuwa zamu ni yake, nikafika kwa Cherehani. Alikuwa ameinama, penseli kwenye ngumi, midomo inatembea. Nikanyoosha mkono niguse daftari.

Hakuinua kichwa. Akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Subiri kwanza, mwalimu. Usije ukanichanganya."

Kivuli akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

Nilisimama pale katikati ya njia. Watoto hamsini na wawili wanaandika, na hakuna hata mmoja anayenihitaji kwa dakika ile. Sikujua niiweke wapi mikono yangu. Nikavuta kiti kutoka mezani kwangu, nikakiweka mwisho wa safu, nikakaa.